Kuuita Mchezo kwa Jina Lake

Kijana mwenye fedha nyingi akitaka kompyuta ya michezo huingia dukani, hulipa, na kutoka. Kwake jambo hili halina fikira nyingi, wala insha hii haikuandikwa kwa ajili yake. Nakuandikia wewe mwenye fedha kidogo, uliyekwisha kuzihesabu mara tatu na kuona kwamba hazikuongezeka kwa kuhesabiwa. Kwako wewe kila shilingi unayoitia upande mmoja umeiondoa upande mwingine, na aghalabu upande huo mwingine si wako peke yako. Yumo mama ndani yake, au baba, au ndugu mdogo angojaye viatu vya shule.

Yako maswali mawili katika jambo hili. La kwanza ni kama mtu asiye na kitu ana haki ya kutumia fedha kwa mchezo. La pili ni kama ana haki ya kuzipata fedha hizo kwa jina lisilo la mchezo. Watu wengi hulijibu la kwanza kwa ukali, na la pili hawaliulizi kamwe. Naona wamegeuza mambo, maana la kwanza ni jepesi na la pili ndilo zito.

La kwanza nalimaliza upesi. Wazee wa pwani huketi barazani na bao lao tangu alasiri mpaka jua likazama, wala sijasikia mwenye akili akiwaita wavivu. Watoto wasio na mpira hufunga mifuko na makaratasi kwa kamba wakapata mpira. Mataifa yalipokubaliana juu ya haki za mtoto mwaka 1989, yaliandika katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, na Kenya ikauridhia mkataba huo mwaka 1990. Hawakuandika kwamba haki hiyo ni ya mtoto wa tajiri. Hata kompyuta yenyewe haikukaa sana duniani kabla ya kuchezewa. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT huko Marekani walikamilisha mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, wakauita Spacewar!, na mtambo waliouchezea, PDP-1, bei yake ilikuwa kama dola 120,000. Mtambo ule uliwekwa kwa utafiti. Walakini mafundi wa kampuni iliyoutengeneza hawakukasirika. Waliuchukua mchezo ule wakawa wanaijaribia mitambo yao mipya, kwa kuwa ulizitia kazini sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na penye kasoro kasoro ikajitokeza. Basi mchezo si aibu, na asiye na kitu anayo haki yake ndani yake kama mtu mwingine yeyote.

Na tuje kwa swali la pili. Iko sentensi moja fupi ambayo nadhani imenunua kompyuta nyingi kuliko tangazo lolote la biashara. Sentensi hiyo ni: "Ni ya masomo." Huenda wewe mwenyewe umekwisha kuitumia, au umeiweka tayari kinywani ukingoja mwisho wa mwezi. Mimi pia niliitumia, na habari zake nitakusimulia. Lakini kwanza tuipime, maana msemaji wake ana hoja, wala si hoja ya kipumbavu. Husema: "Kompyuta ni ile ile moja. Mchana nitaandikia insha, usiku nitacheza. Nimesema uongo gani?"

Njia ya kumjibu ni kuchukua karatasi na kuziandika sehemu za kompyuta hiyo moja moja, pamoja na bei zake. Uhaba wa fedha una faida hii, kwamba humlazimisha mtu aijue kila sehemu ni ya nini. Mwenye nazo hajui na hana haja ya kujua.

Kwa masomo ya shule ya sekondari, na hata ya miaka ya kwanza ya chuo, utatosheka na kompyuta ya mtumba iliyotoka katika ofisi za ng'ambo, kama zile OptiPlex za Dell au EliteDesk za HP ambazo huuzwa katika maduka ya miji yetu. Ofisi kubwa hubadilisha mashine zake baada ya miaka michache ijapokuwa zingali nzima, na kilichochakaa kwa tajiri huwa kipya kwetu. Prosesa yenye viini vinne na kumbukumbu ya gigabaiti 8, hiyo ambayo wauzaji huiita rami, zatosha kuandika, kusoma, kupiga hesabu katika majedwali, na kujifunza kutunga programu. Hapa nakupa shauri la bure: kumbukumbu hiyo ichukue katika vipande viwili vya gigabaiti 4 badala ya kimoja cha 8, kwa sababu prosesa huvisoma viwili kwa pamoja, na kazi huenda mbio zaidi.

Ikiwa haja yako ni masomo, safari yako imefika mwisho. Lakini haikufika, sivyo? Unataka kadi ya michoro. Hiyo ndiyo sehemu inayozichora picha za mchezo, mara 60 kwa kila sekunde ukibahatika, na insha yako ya Kiswahili haina haja nayo hata kidogo. Tena kadi hiyo huja na wafuasi wake. Kompyuta ya ofisi ina pawa saplai, yaani kile chombo kinachoupokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugawia sehemu nyingine kwa kipimo chao. Katika mashine hizo huwa dogo, la wati 240 au zaidi kidogo, na pengine plagi zake ni za mtindo wa kampuni hiyo peke yake, hata huwezi kulibadilisha kwa urahisi. Kwa hiyo mwenye busara hutafuta kadi isiyodai waya wa umeme wa ziada, itoshekayo na zile wati 75 ambazo ubao mama huweza kuipa mahali inapochomekwa. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni ya namna hiyo katika umbo lake la kawaida. Na kabla ya kulipa apime kasha, maana kasha jembamba halipokei kadi ya kimo kizima. Nimewaona vijana wakirudi dukani na kadi mkononi wakiomba kubadilishiwa, na muuzaji akitazama dari.

Sasa itazame karatasi yako. Tuseme, kwa mfano tu, una shilingi 40,000, na kompyuta ya masomo imekwisha kwa 22,000. Zile 18,000 zilizosalia ndizo bei ya mchezo. Hazina jina lingine. Ndipo uonapo kwamba ile sentensi yetu fupi ni kweli kwa shilingi 22,000 na ni uongo kwa shilingi 18,000, na yule aliyeulizwa atoe fedha hakuambiwa mpaka uko wapi.

Nami nasema hivi kama mtu aliyeuvuka mpaka huo. Mwaka 2018 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kwenda chuoni. Mama yangu aliuza nyanya na vitunguu sokoni, na mwaka ule zamu yake ya chama ilimfikia: shilingi 40,000. Fedha zile alikuwa amezikusudia mabati ya jiko letu, kwa kuwa ya zamani yalikuwa yametoboka kwa kutu. Nilimwambia kwamba chuoni kila mwanafunzi ana kompyuta, na asiye nayo hubaki nyuma. Nilisema ni ya masomo. Alinitazama kwa muda, akauliza kama mabati yanaweza kungoja, akajijibu mwenyewe kwamba yanaweza. Akanipa zote.

Sikununua kompyuta ya ofisi. Nilinunua sehemu mbalimbali niziunge mwenyewe, na katika hizo nilianza na zile zionekanazo. Nilinunua kadi. Nilinunua kasha lenye ubavu wa kioo na feni zenye taa nyekundu na samawati, kwa kuwa nilikwisha kuwaza marafiki zangu wakiingia chumbani na kuziona. Ilipofika zamu ya pawa saplai, ambayo hukaa gizani na haisifiwi na mtu, fedha zilikuwa zimebaki kidogo sana. Mtu mmoja akaniuzia moja iliyoandikwa wati 600. Nilipoishika niliona ni nyepesi kama sanduku la viatu vilivyotolewa, na moyo wangu uliniambia jambo, nami sikuusikiliza.

Ilifanya kazi majuma matatu. Jioni moja, katikati ya mchezo, ukatoka mlio kama wa mbegu ikipasuka motoni, na harufu ya kuungua, na taa zote zikazimika. Fundi aliyeifungua pawa saplai ile alinionyesha nafasi tupu, mahali ambapo vijisehemu vya kuchuja umeme vingepaswa kuwapo na havikupata kuwekwa. Haikuwa ya wati 600 wala nusu yake. Ilikuwa imekufa pamoja na ubao mama na kumbukumbu. Nikapandwa na hasira juu ya yule aliyeibandika lebo ile. Nilisema maneno mengi juu ya watu wanaoandika kitu kisichokuwamo na kupokea fedha za watu kwa maandishi hayo. Fundi alinisikiliza akiwa ameinama kazini.

Mama alikuja kuitazama. Hakujua chochote cha wati, lakini alikuwa na macho. Aligusa kile kioo cha ubavuni na zile feni, akauliza, "Masomo yana taa za rangi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Hakuuliza tena, wala siku ile wala baadaye. Mvua za masika zilipoanza sufuria ilikaa sakafuni jikoni kukinga matone, na usiku niliyasikia kutoka chumbani kwangu.

Fikiri nami, msomaji, kosa langu lilikuwa nini hasa. Si kutamani mchezo. Jambo hilo tumekwisha kulikubali. Wala si ujinga wa kununua chombo kibovu, maana ujinga ni hasara ambayo huisha kwa kujifunza. Wako walaghai wanaochukua kadi ya kale, mathalani GTS 450 ya mwaka 2010, wakaibadilisha ile programu iliyomo ndani yake, na kadi ikaanza kujitaja kuwa GTX 1050 Ti. Ukiiuliza kompyuta, itakujibu kwa jina lile la uongo, kwa kuwa nayo imedanganywa. Lakini dawa yake ipo. Programu iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, huzitambua nyingi za namna hiyo, na usipokuwa nayo, anzisha mchezo mzito ukatazame. Kadi iliyovaa jina lisilo lake haiwezi kuubeba. Mashine ina kipimo chake. Lakini mama yangu alikuwa na kipimo gani cha kulipima neno langu? Alikuwa na imani tu. Mimi niliyeichukia lebo ya wati 600 nilikuwa nimembandikia lebo yangu miezi miwili kabla.

Mtu akiombwa fedha hupima. Huweka ombi lako upande mmoja wa mizani, na upande wa pili huweka mabati, karo, dawa, na deni la duka. Kazi hiyo ya kupima ni yake, kwa sababu fedha ni zake na jasho ni lake. Wewe ukimtajia masomo na hali nia yako ni mchezo, umeweka kidole mizanini, kama wafanyavyo wachuuzi wabaya. Atatoa, ndiyo, lakini hukupewa na yeye. Alitoa kwa ajili ya kitu kingine ambacho hakikuwapo. Tena uongo ule ulininyima nami jambo moja ambalo sitalipata kamwe. Sijui mama angesema nini kama ningemwambia kweli. Huenda angekataa. Huenda angetoa nusu. Huenda, maana alikuwa mtu wa kucheka na aliyecheza sana katika utoto wake, angenipa zote akijua.

Najua utakavyonijibu. Utasema kwamba wazazi hawauelewi mchezo wa kompyuta, na kweli itapata kofi tu. Neno hili lina uzito, wala sitalipuuza. Wako wazee ambao kwao kila mchezo usio wa kwao ni upotevu, na mtoto akiusema wazi huadhibiwa kwa kusema. Mzee wa namna hiyo hushiriki katika uongo anaoambiwa, na ningependa naye aisome insha hii. Lakini kukataliwa ni kitu kinachoweza kustahimiliwa. Aliyekataliwa bado ana njia: kufanya kazi wakati wa likizo, kungoja, kununua sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, kucheza michezo ya zamani ambayo mashine ya ofisi huiendesha bila kadi yoyote. Michezo hiyo ni mingi, na mingine ni mizuri kuliko ya leo, ingawa vijana hawapendi kusikia hivyo.

Mwingine, mjanja zaidi, atamtaja Demis Hassabis wa Uingereza, aliyenunua kompyuta yake ya kwanza angali mtoto kwa fedha alizozipata katika mashindano ya sataranji, akatunga michezo ya kompyuta katika ujana wake, na mwaka 2024 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Habari hizo ni za kweli, na ukizipenda zisome. Lakini usimpelekee baba yako kama hati ya dhamana. Hukuomba kadi ya michoro ili upate Nobel; uliomba ili ucheze kandanda na rafiki zako siku ya Jumamosi. Kuupamba mchezo kwa cheo cha mwanasayansi ni lebo nyingine, iliyoandikwa kwa wino bora tu. Na tena kumbuka kwamba yeye alinunua kwa fedha zake.

Baada ya lile tukio sikuwa na kompyuta kwa muda wa karibu miaka miwili. Nilipata kazi ya kuwachapia watu barua na maombi katika duka la mtu, nikawa naweka kidogo kidogo. Nilipofikisha kiasi cha kununua kompyuta ya ofisi, nilichukua karatasi nikaigawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto niliandika sehemu za masomo na bei zake, na wa kulia niliandika kadi ya michoro, peke yake. Nikampelekea mama, nikamwomba anisaidie ile ya kulia, iwapo anaweza.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akauliza kadi hiyo hufanya kazi gani. Nikamwambia, "Ni ya mchezo tu, mama." Akauliza bei yake kwa mara ya pili, kana kwamba imebadilika. Kisha akanikunjia karatasi akanirudishia, akasema mabati kwanza.

Mabati yalipigwa mwezi wa Juni, nami ndiye niliyeshika ngazi. Mwezi wa Oktoba aliniita, akanihesabia mkononi nusu ya bei, nusu nyingine nikiwa nimeipata kwa kuchapa. Kadi niliyoinunua ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, kwa hiyo nilimwomba muuzaji aichomeke katika kompyuta yake, nikaitazama kwa GPU-Z, kisha nikaifanyisha kazi nzito muda wa saa nzima nikiwa nimesimama mbele ya kiwambo. Muuzaji alichoka nami, akaniletea kiti.